Bandama la Ushirombo: Malaria, Kinga ya Mwili na Saratani Sugu za Damu

Barabara itokayo Kahama kwenda mipaka ya Rwanda na Burundi hupita Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Mji huo ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hata ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012; lakini mbu hawakubadili mkoa. Nchi ni ile ile: majaruba ya mpunga, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, mapori ya Kigosi yenye mbung'o, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambayo kila masika hujaa maji na kuwa malezi ya viluwiluwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya watoto takriban 17 kati ya kila 100 waliopimwa katika Mkoa wa Geita, hali wastani wa nchi ulikuwa 7.

Katika nchi ya namna hiyo bandama lililovimba si ajabu. Mtu ambaye tumbo lake limejaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, huambiwa kuwa "ana bandama", kana kwamba wengine wamezaliwa bila hilo. Jina la kiungo limegeuka kuwa jina la ugonjwa, na jina likishatolewa tiba hufuata yenyewe: kwa mganga wa kienyeji, chale za ubavuni na unga mweusi wa kupaka, katika duka la dawa, vidonge vya malaria, katika zahanati, kipimo cha haraka cha malaria na vidonge vile vile. Aghalabu vidonge hivyo ni sahihi. Hoja ya makala haya ni kwamba si sahihi kila mara, na kwamba wale ambao kwao si sahihi hulilipia kosa hilo kwa uhai wao, ingawa mara nyingi ugonjwa walio nao ungeweza kushukiwa kwa tone moja la damu.

Bandama la mtu mzima mwenye afya lina uzito wa gramu 150 hadi 200, nalo hujificha nyuma ya mbavu hata mkono wa tabibu usilifikie. Kiungo hiki ni chujio: chembechembe nyekundu zilizozeeka, au zilizobeba vimelea, hunaswa humo na kuliwa na seli kubwa ziitwazo makrofaji. Ni shule pia. Limfosaiti za aina ya B hukutana humo na vijidudu vilivyosombwa na damu, hujifunza sura yao, kisha huzaana kwa wingi na kutoa kingamwili. Mtu anayeumwa na mbu wenye vimelea usiku baada ya usiku hulitwika bandama lake kazi isiyo na likizo, nalo hukua kama ukuavyo mkono wa mhunzi kwa nyundo.

Kazi hiyo ya seli za kinga, inapofanyika kwa nguvu mahali pamoja, huitwa mchochota. Mwanafunzi aliyechomwa na mwiba shambani akauacha usiku kucha ameuona: mahali pale huwa pekundu, pana moto, pamevimba na panauma. Alama hizo nne ziliandikwa na Mrumi Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita, naye bila shaka hakuwa na ngozi nyeusi mbele yake, kwa kuwa wekundu huo juu ya ngozi nyeusi huonekana kwa shida. Nyuma ya alama hizo mna mwendo mkubwa. Mishipa midogo hulegea, chembechembe nyeupe hupenya na kuingia katika nyama, na kila moja hutoa ujumbe wa kikemikali uitwao saitokini. Ujumbe huo huita seli nyingine, huleta homa, na kuuamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze askari zaidi. Mwiba ukitoka, ujumbe hukoma na nyama hupona. Lakini iko miiba isiyotoka. Malaria inayorudi kila mwezi ni mmoja. Kichocho kisichotibiwa ni mwingine. Vumbi la silika katika pafu la mchimba dhahabu ni mwingine, kwa sababu makrofaji hulimeza, hushindwa kulisaga, hufa, na kuliacha limezwe tena na makrofaji nyingine. Huo ndio mchochota sugu.

Uhusiano kati ya mchochota na saratani ya damu una historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1845 John Hughes Bennett wa Edinburgh alimpasua mgonjwa aliyekufa akiwa na bandama kubwa, akaiona damu yake imejaa chembechembe nyeupe, akaandika kwamba damu ile ilikuwa imetunga usaha. Kwake ulikuwa mchochota tu, ila umetokea ndani ya mishipa. Mwaka huo huo Rudolf Virchow wa Berlin alimweleza mgonjwa wa namna hiyo hiyo, lakini akakataa neno usaha: hapakuwa na jeraha lolote ambalo chembechembe zile zilikuwa zikiliendea. Mwaka 1847 aliupa ugonjwa jina la lukemia, yaani damu nyeupe. Virchow alishinda ubishi ule. Hata hivyo ni Virchow huyo huyo ambaye mwaka 1863, baada ya kuona chembechembe nyeupe zimejaa ndani ya uvimbe wa saratani, alisema kwamba saratani huota mahali penye mchochota wa muda mrefu. Kwa zaidi ya miaka 100 wengi waliliona wazo hilo kuwa la kizee.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kinga iliyochokozwa muda mrefu yaweza kuzaa saratani ya seli za kinga zenyewe haukutoka Berlin wala Edinburgh. Ulitoka Afrika ya Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alitangaza mwaka 1958 habari za uvimbe wa mataya unaowashika watoto. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu mwendo wa maili zipatazo 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakapita Tanganyika katika majira yale yale ya uhuru, wakiuliza katika kila hospitali iwapo uvimbe ule ulijulikana. Walipoyatia majibu katika ramani, ugonjwa ulikuwa umekaa penye joto na mvua na kukosekana katika nyanda za juu. Ramani ile ilifanana mno na ramani ya malaria. Kisha mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, waligundua kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Mulago. Lakini kirusi hicho kimeenea duniani kote. Watu wazima zaidi ya 90 kati ya kila 100 wanacho. Kwa hiyo kirusi peke yake hakiwezi kueleza kwa nini mtoto wa kandokando ya Ziwa Viktoria augue na wa Manchester asiugue.

Jaribio la kukata shauri lilifanywa Tanzania. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika nyanda za chini za Wilaya ya North Mara, watoto wenye umri chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi, ili ionekane kama malaria ikishuka saratani ya Burkitt nayo itashuka. Jaribio lilifadhiliwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, na hospitali ya misheni ya Shirati ilikuwa kiini cha kazi. Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikapanda tena hata kabla vidonge havijasimamishwa, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea dawa. Saratani ilipungua sana, kisha ikarudi baada ya jaribio kwisha. Mtu mwenye haraka angepiga makofi hapo. Watafiti wenyewe hawakupiga: walionyesha kwamba kupungua kwa saratani kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge kugawiwa, na matokeo yalipotangazwa mwaka 1989 yalielezwa kuwa yanaunga mkono dhana bila ya kuithibitisha. Walimu wa sayansi wangefanya vyema kuwasomesha wanafunzi habari za North Mara kabla ya majaribio mengi yaliyofanikiwa yaliyojaa vitabuni, kwa sababu humo mna uaminifu ambao ni adimu.

Njia yenyewe ilikuja kufahamika baadaye. Limfosaiti B inapojifunza kumtambua adui hukata na kuunga upya jeni zake za kingamwili, na mkasi unaotumika ni kimeng'enya kiitwacho AID. Ni kazi ya hatari, kama kunoa panga gizani. Malaria huifanya kazi hiyo iendelee miezi na miaka. Mara moja moja mkasi hukosea, kipande cha kromosomu ya 8 kikaungwa na kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli kugawanyika, ikajikuta mahali ambapo haizimwi. Majaribio ya mwaka 2015 juu ya panya waliopunguziwa jeni ya ulinzi na kuambukizwa malaria ya muda mrefu yalionyesha kwamba mkasi huo ndio uletao makosa hayo.

Msomaji makini atapinga kwamba saratani ya Burkitt si sugu hata kidogo, kwa kuwa uvimbe wake waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Pingamizi hilo ni halali. Saratani sugu za damu ni zile ziendazo kwa miaka, zikimwachia mgonjwa kulima, kuchimba na kusafiri huku zikimla kwa ndani, nazo ndizo zinazojificha nyuma ya bandama la malaria. Hapo ndipo inapofaa kurudi Mulago, na kutoka Mulago kwenda Kumasi.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Mulago waliwachunguza watu wazima wenye bandama kubwa mno, lililoshuka hata kwenye kitovu na zaidi, ambao vimelea vya malaria vilikuwa haba katika damu yao au havikuonekana kabisa. Siku hizi hali hiyo inajulikana kuwa ni kinga iliyopita kiasi: mwili hutoa kingamwili ya aina ya IgM kwa wingi usio na sababu, bandama likashinda kutwa likifagia takataka za vita ambavyo karibu vimekwisha. Tiba yake ni dawa ya kuzuia malaria kwa miezi mingi mfululizo, na alama ya kwamba utambuzi ulikuwa sahihi ni bandama kupungua kwa angalau asilimia 40 katika miezi sita. Lakini katika Kumasi, nchini Ghana, walikuwako wagonjwa ambao bandama lao halikupungua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba baadhi yao limfosaiti B zao hazikuwa tena mchanganyiko wa koo mbalimbali, bali uzao wa seli moja. Jeshi lililoitwa kupigana na malaria lilikuwa limegeuka ukoo mmoja unaozaana bila amri, na ugonjwa wao ulifanana na limfoma ya bandama iliyo saratani sugu.

Je, jambo hilo laweza kurudi nyuma? Kwa malaria bado ni vigumu kujibu. Kwa kirusi cha homa ya ini aina ya C jibu lilipatikana Ufaransa mwaka 2002. Wagonjwa 9 waliokuwa na limfoma ya bandama pamoja na kirusi hicho walipewa dawa ya kukiua. Kirusi kilipotoweka kwa 7 kati yao, saratani nayo iliondoka, ingawa hawakuwa wametibiwa saratani. Mwiba ulitoka, na nyama ikapona.

Si kila saratani sugu ya damu inayoanza kwa mwiba, na hapa lazima tofauti itiwe. Lukemia sugu ya mailoidi huanza kwa ajali ndani ya seli moja ya uboho: kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Kromosomu fupi iliyotokana na ajali hiyo ilionekana Philadelphia mwaka 1960, na Janet Rowley wa Chicago alieleza mabadilishano yenyewe mwaka 1973. Hakuna aliyeonyesha kwamba malaria husababisha ajali hiyo. Mchochota huingia baadaye, si kama mzazi bali kama mlezi. Seli zenye kasoro hutoa saitokini zao wenyewe, na saitokini hizo huwadhoofisha majirani wazima kuliko zinavyowadhoofisha wao. Katika ugonjwa wa uboho kugeuka makovu jambo hilo limeonekana waziwazi: mgonjwa hukonda, hutoka jasho usiku, huwashwa mwili, na bandama hulazimika kufanya kazi ya uboho ulioziba. Tangu mwaka 2011 iko dawa inayozima ujumbe huo wa saitokini. Bandama hunywea, jasho hukauka, mgonjwa hurudi kula, ingawa seli zenye kasoro zenyewe hubaki. Ni dhahiri basi kwamba sehemu kubwa ya mateso ya mgonjwa hutokana na makelele ya seli kuliko wingi wake.

Lukemia sugu ya limfosaiti inatoa mfano mwingine ulio bora kwa darasa. Seli zake, zikitolewa mwilini na kuwekwa katika chombo cha maabara, hufa kwa siku chache. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya seli za damu ya mgonjwa huyo huyo, zikiachwa chomboni pamoja nazo, hugeuka kuwa kubwa, hushikamana na seli za saratani na kuziweka hai. Ni seli za jamaa ya makrofaji. Kwa Kiswahili zingestahili kuitwa seli-yaya: askari aliyeajiriwa kumkamata mwizi, naye akageuka kumpikia.

Na bado askari wengine hubaki waaminifu. Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa walitangaza matokeo ya wagonjwa 100 wa lukemia sugu ya mailoidi waliokuwa wametibiwa vizuri kwa miaka, kisha wakaachishwa dawa chini ya uangalizi. Kwa wagonjwa wapatao 40 katika kila 100 ugonjwa haukurudi katika mwaka wa kwanza. Uchunguzi uliofuata umeonyesha mara kadhaa kwamba wanaosalimika aghalabu ni wale wenye seli nyingi za kinga ziitwazo wauaji wa asili. Mtu asome basi kwa tahadhari maandishi yanayoituhumu kinga yote, au yanayoisifu yote.

Tahadhari hiyo inahitajika zaidi katika nchi ya dhahabu. Ni rahisi kusema kwamba zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huishika kwa mikono mitupu na kuichoma jikoni, ndiyo inayoleta saratani za damu. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na jambo hilo halina ubishi. Huivuruga kinga pia. Lakini jopo la kimataifa lililoipima mwaka 1993 halikuona ushahidi wa kutosha wa kuiita zebaki ya madini kisababishi cha saratani. Benzini, iliyomo katika petroli, ndiyo iliyothibitishwa kuleta lukemia, nayo huuzwa kandokando ya barabara katika chupa za maji bila ya mtu kujali. Kuilaumu zebaki kwa kosa lisilo lake hakumsaidii mchimbaji, tena kunamnyima sababu za kweli za kuiogopa.

Sasa achukuliwe, kwa mfano tu, mchimbaji wa Ushirombo mwenye miaka 40. Amekonda, hutoka jasho usiku, na ubavu wake wa kushoto ni mzito. Anakwenda zahanati. Anatobolewa kidole, tone la damu linatiwa katika kipimo cha haraka, mistari miwili inaonekana: malaria. Anapewa dawa mseto, anapata nafuu kidogo, baada ya wiki tatu anarudi, mistari ni miwili tena. Kila mtu ametenda wajibu wake. Hata hivyo mistari ile miwili haikusema kwamba malaria ndiyo iliyolivimbisha bandama. Katika eneo lenye malaria nyingi mtu mzima aweza kubeba vimelea bila kuugua. Tena kipimo hicho hutambua protini ya kimelea ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kimelea chenyewe kufa.

Zamani, kabla ya vipimo hivyo kuenea katika zahanati tangu mwaka 2009 hivi, tone lile lingepakwa juu ya kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Fundi wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria angelazimika kupitisha jicho lake juu ya chembechembe nyeupe, apende asipende. Mtu mwenye afya ana chembechembe nyeupe zipatazo 4,000 hadi 11,000 katika milimita moja ya ujazo ya damu. (Kwa Waafrika wengi idadi ya 3,000 nayo ni ya kawaida, jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya hulisahau, limefungamana na urithi ule ule unaowakinga na malaria ya aina ya vivaksi.) Mwenye lukemia sugu ya mailoidi aweza kuwa na zaidi ya 100,000. Hapo hapahitajiki utaalamu wa kuhesabu: kioo kizima kinakuwa kama uwanja wa mnada siku ya gulio.

Haipasi kuisifu hadubini ya zamani kupita kiasi. Vioo vingi vilisomwa vibaya, rangi ilikwisha muda, na watu wengi walipewa dawa za malaria wasiyokuwa nayo. Kipimo cha haraka kimepunguza kosa hilo na ni vyema kibaki kwa ajili ya homa. Lakini kila kipimo hujibu swali lililoulizwa na kunyamazia mengine, na swali la bandama si swali la homa. Kanuni inayofaa ni nyepesi: mtu mzima mwenye bandama linaloshikika kwa mkono, au mtoto ambaye bandama lake halipungui baada ya malaria kutibiwa, asipewe dozi nyingine kabla ya damu yake kupakwa kiooni na chembechembe zake nyeupe kutazamwa. Kichocho kikumbukwe pia, na malale kwa wale wanaoingia mapori ya Kigosi, kwa kuwa magonjwa hayo nayo hulikuza bandama. Pale penye mashine ya kuhesabu damu, kama katika hospitali za wilaya, kazi huwa rahisi zaidi. Asiyepata jibu apelekwe Chato, ambako hospitali ya rufaa ya kanda ilifunguliwa mwaka 2021, au Bugando, Mwanza.

Wapo wasemao kwamba hakuna faida ya kuutambua ugonjwa ambao tiba yake haipo kijijini. Usemi huo ulikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2001 ilianza kutumika dawa ya imatinibi, kidonge kinachoizima protini ile iliyotokana na ajali ya kromosomu ya 9 na ya 22. Mgonjwa wa lukemia sugu ya mailoidi ambaye zamani alihesabiwa miaka michache, sasa, akimeza kidonge chake kila siku, aweza kuishi karibu muda ule ule wa mtu mwingine wa umri wake. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikiwapa wagonjwa dawa hiyo bila malipo kwa njia ya msaada wa kimataifa. Majengo yake ya kale ni yale yale ya hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897, ambako Robert Koch alichunguza malaria katika damu za wagonjwa kwa hadubini.

Dawa ni bure. Nauli si bure. Kutoka Ushirombo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 za basi, na mgonjwa anayepaswa kufuata vidonge mara kwa mara huuza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha huacha kwenda. Akiacha, seli zilizokuwa zimezimwa huamka. Kuzisogeza dawa hizo hadi hospitali za kanda, na kumwezesha mgonjwa aliyetulia kuzichukua karibu na kwake, ni jambo la utaratibu na magari wala si la ugunduzi mpya. Dawa za virusi vya ukimwi, ambazo nazo mwanzoni zilitolewa katika hospitali chache kubwa, zilifika vituo vya afya vya vijijini ndani ya miaka michache baada ya Serikali kuamua kwamba zifike.

Upande wa shule, somo la damu katika Biolojia hufundishwa kwa mchoro ubaoni: duara jekundu, duara jeupe lenye kiini, na kijistari cha chembe sahani. Mwanafunzi hunakili na kufaulu. Kioo kimoja cha damu iliyotiwa rangi, kilichotayarishwa na maabara ya hospitali ya wilaya na kuhifadhiwa vizuri, hudumu miaka. Viwili vikiwekwa pamoja, kimoja cha damu ya kawaida na kimoja cha lukemia sugu kisicho na jina la mgonjwa, darasa lote laweza kuona kwa zamu, kwa hadubini moja, kile ambacho Bennett alikiita usaha na Virchow akakataa. Kutoka darasa hilo atatoka muuza duka la dawa wa Katente, mwuguzi wa Masumbwe, na fundi wa maabara ambaye, baada ya kuandika katika daftari kwamba vimelea havikuonekana, hataondoa kioo upesi, bali atakisogeza kidogo kando na kuhesabu.